Jua la Ujiji Halipinduki Saa Sita

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 2024, watoto 24 wa kikundi chetu cha sayansi hapa Ujiji walisimamisha vijiti sita vya mita moja uani na kupima vivuli vyake kila baada ya robo saa, kuanzia saa 5:30 hadi saa 6:30 mchana. Karatasi ya zoezi, tuliyoipata bure mtandaoni, ilisema kivuli kitakuwa kifupi kuliko vyote saa sita kamili, na saa hiyo kitaelekea kaskazini. Nilipokusanya madaftari, makundi matano kati ya sita yalikuwa yameandika kama karatasi ilivyotaka. Kwa siku ile na mahali hapa, majibu hayo hayawezekani kabisa.

Ninafundisha hisabati sekondari. Kikundi nakiendesha na mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi, kwenye ua wa shangazi yangu, chini ya mwembe na pembeni yake. Naandika kisa hiki kwa ajili ya walimu, wazazi na vijana wanaokusanya nyenzo za bure za sayansi na hisabati ili wazitumie na watoto. Kosa nililofanya ni rahisi kulifanya, na uharibifu wake hauonekani siku ileile.

Tulivyoanza

Watoto wetu ni wa darasa la tano hadi kidato cha pili. Mali yetu ilikuwa kompyuta mpakato moja ya mtumba, simu mbili, ubao, na kopo la chaki. Bando la intaneti lilitoka mfukoni mwetu, kwa hiyo kitu cha kwanza tulichotafuta ni kile ambacho ukishakipakua hakikuombi bando tena. Tukapata Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unaijaza masomo siku ukiwa na intaneti nzuri, kisha kompyuta hiyo inagawa masomo kwa simu zilizo karibu bila intaneti yoyote. Humo tuliweka video za hesabu za Khan Academy na majaribio ya skrini ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya yeye kupata tuzo ya Nobel ya fizikia. Vitabu vya kiada tulivipata kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Vyote hivi ni vizuri na bado tunavitumia. Mtoto anaweza kuongeza betri kwenye saketi ya PhET akaona chembe za umeme zinakimbia ndani ya waya, jambo ambalo hata mimi sikuwahi kuliona nikiwa shule. Lakini watoto 24 mbele ya skrini moja ni watoto wanne wanaofanya na ishirini wanaochungulia. Tukahitaji vitu vya kushika.

Hapo ndipo tulipowapata watu wawili ambao nawashukuru mpaka leo. Wa kwanza ni Frank Oppenheimer, aliyefungua Exploratorium pale San Francisco mwaka 1969, nyumba ya maonyesho ambayo mgeni anaruhusiwa kugusa kila kitu. Taasisi hiyo inatoa bure maelekezo ya majaribio madogo ya kujitengenezea. Wa pili ni Arvind Gupta wa India, mhandisi aliyeyatoa maisha yake kutengeneza vifaa vya sayansi kwa takataka na kuvigawa bure kwa lugha nyingi. Kwake tulijifunza kuunganisha njiti za kiberiti kwa vipande vya kale kampira kembamba ka valvu ya baiskeli. Njiti tatu na vipande vitatu, una pembetatu, na pembetatu haiyumbi. Njiti nne, una mraba, na mraba unalala ukiusukuma kwa kidole. Fundi baiskeli wa jirani alikuwa na vimpira hivyo chakavu kopo zima, akatupa. Siku hiyo mtoto mmoja alitoka uani akaenda kusimama barabarani kutazama nguzo na paa za nyumba, akarudi kuniambia kwamba kenchi zote zina pembetatu. Sikuwa nimemwambia.

Mota nayo nitaieleza, kwa sababu inaonyesha tulivyofanya kazi vizuri kabla ya kuharibu. Unataka betri moja kubwa ya tochi, pini mbili za nguo, sumaku ya spika iliyokufa, na waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, ule mafundi wanaowaindia mota. Waya unauzungusha kwenye betri mara kumi upate pete, unaacha ncha mbili zitokeze kulia na kushoto. Pini unazibana kwenye ncha za betri kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, pete inakaa kwenye matundu ya pini, sumaku inakuwa chini yake. Siri yote iko kwenye zile ncha. Ncha moja unaikwangua vanishi pande zote. Ya pili unaikwangua nusu tu. Ukizikwangua zote mbili kabisa, pete inacheza huku na huku kama mtu anayekataa kwa kichwa, haizunguki, maana umeme hauachi kupita, nguvu ile iliyoivuta mbele nusu mzunguko inairudisha nyuma nusu inayofuata. Ukiacha nusu ya vanishi, umeme unakatika kwa muda, pete inapita kwa kasi yake yenyewe, kisha inasukumwa tena.

Hilo la kukwangua nusu nililijua kwa sababu usiku wa kuamkia Jumamosi ile nilikaa mezani nikaiharibu mota mara tatu. Asubuhi watoto walipokwama, nilijua wamekwama wapi.

Zoezi la kivuli sikulijaribu. Lilionekana jepesi mno: kijiti, uzi, jua. Nililitafsiri usiku, nikalipeleka steshenari asubuhi nikatoa nakala kwa shilingi 100 kila ukurasa, tukaanza.

Jumamosi yenyewe

Vijiti vilisimamishwa kwa timazi tuliyoazima kwa fundi mwashi, na mchanga ulifagiliwa ukawa laini. Nasema hivi ili ieleweke kwamba vipimo vya watoto vilikuwa safi. Kundi la sita, lililoongozwa na binti mmoja wa kidato cha kwanza, liliandika sentimita 57 saa 5:30, kisha 51, kisha 45 saa sita kamili, kisha 41, na 37 saa 6:30. Kivuli kilikuwa bado kinafupika tulipofunga zoezi. Nacho kililala kusini-magharibi, upande wa ziwa.

Makundi mengine yalianza vilevile: 57, 51, 45. Baada ya hapo namba zao zinapanda. Kundi moja 50 na 56, jingine limeandika kabisa 51 na 57, kama kioo cha namba za asubuhi. Kwenye sehemu ya mwelekeo wameandika "kaskazini".

Binti alinifuata kabla sijakusanya.

"Mwalimu, chetu kinapungua bado."

"Mmepima kutoka wapi? Chini ya kijiti au pembeni?"

"Chini, mwalimu. Tumerudia."

"Rudieni tena. Someni karatasi inasemaje."

Alirudi akapima tena, akaja na namba ileile. Nikamwambia waandike walichokiona, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayemstahi mtoto aliyekosea, na watoto wote walinisikia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa hiki chote. Mtoto aliyetazama jua vizuri kuliko wote uani, mimi nikiwemo, ndiye aliyekwenda nyumbani akidhani ameshindwa.

Juma lililofuata nilipowauliza wale wengine kwa upole kwa nini waliandika hivyo, kijana wa darasa la saba alijibu, "Tulidhani kijiti chetu ni kibovu, mwalimu." Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza nao juu ya uaminifu. Sikuzungumza. Mtoto ambaye anaiamini karatasi kuliko kijiti alichokisimamisha kwa timazi hana tatizo la uaminifu. Amefundishwa na watu wazima kwamba ukweli unatoka kwenye karatasi, na kazi yake ni kuufikia. Darasani kwangu nimewafundisha hivyo miaka mingi kila nilipotia alama ya kosa kwenye jibu la mwisho bila kutazama njia.

Mzee wa adhana

Mwenye kutufumbua macho hakuwa mwalimu. Ni mzee anayeadhini kwenye msikiti wa mtaa, ambaye huketi barazani kwa shangazi akisubiri wakati. Siku ile aliwatazama watoto tangu mwanzo bila kusema neno. Watoto walipoondoka nikamwamkia, nikamweleza kwamba zoezi limenishinda, kivuli kimekataa kugeuka.

"Ulitaka kigeuke saa ngapi?"

"Saa sita, mzee."

"Mwanangu, jua la Ujiji halipinduki saa sita. Adhuhuri yetu ni saa saba. Ingekuwa saa sita, mimi ningekuwa naadhini saa sita."

Akaniambia zaidi: redio inaporusha adhana ya adhuhuri ya Dar es Salaam, hapa watu bado hawajafunga maduka, kwa kuwa jua letu liko nyuma ya lao kwa zaidi ya nusu saa. Na ukipanda boti kwenda Bujumbura, unarudisha saa yako nyuma saa nzima, ingawa jua ni lile lile lililoko juu ya Kibirizi, hapa karibu.

Nimezaliwa hapa. Nimeisikia adhana ya saa saba maisha yangu yote. Na kidato cha pili wote kwenye kikundi wanaweza kukuimbia kwamba nyuzi 15 za longitudo ni saa moja, maana ni jiografia ya shule na inatoka kwenye mtihani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiweka ile nyimbo na ile adhana pamoja.

Hesabu yenyewe

Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya ile ya Greenwich kwa saa tatu. Maana yake imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na mstari huo haugusi Tanzania popote. Unapita Somalia, karibu kabisa na Mogadishu. Ujiji iko kwenye nyuzi 29.67 hivi. Tofauti ni nyuzi 15.33, na kila uzi ni dakika nne, kwa hiyo jua linafika juu ya kichwa chetu kwa wastani dakika 61 baada ya saa kusema ni saa sita. Dar es Salaam, kwenye nyuzi 39.28, inachelewa dakika 23 tu. Ndiyo zile dakika 38 anazozijua mzee bila kikokotoo.

Nasema kwa wastani kwa sababu jua lenyewe halitembei sawa na saa ya ukutani mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba hutangulia kwa dakika 16, katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14. Sababu ni mbili zinazofanya kazi pamoja: njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4. Katikati ya Agosti jua lilikuwa nyuma kwa dakika nne, kwa hiyo tarehe 17 lilipinduka hapa kama saa 7:05. Tulipofunga zoezi saa 6:30, tulikuwa tumewaondoa watoto uwanjani nusu saa na zaidi kabla ya tukio tuliloitwa kulitazama. Kikokotoo cha jua cha NOAA, wakala wa Marekani wa bahari na anga, nacho ni cha bure. Unaingiza longitudo na latitudo kinakupa dakika. Nilikitumia baada ya kosa. Ningekitumia Ijumaa, kisa hiki kisingekuwepo.

Kosa la pili la karatasi ni la mwelekeo. Kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini kwa mtu anayekaa kaskazini ya mbali, ambako jua halifiki utosini hata siku moja. Sisi tuko nyuzi 4.9 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua linapita upande wetu wa kaskazini, kivuli cha adhuhuri kinalala kusini. Miezi mingine kinalala kaskazini. Na kati ya misimu hiyo miwili kuna siku mbili kwa mwaka ambazo hakilali popote.

Aliyeandika karatasi ile hakudanganya. Aliandika alipo. Ila hakuandika kwamba yuko hapo, na nyenzo nyingi za bure ziko hivyo: mahali zilipotoka hapatajwi, msomaji anadhani ni kila mahali. Mazoezi ya mimea yanasema panda mbegu majira ya kuchipua. Mengine yanataka theluji, siki nyeupe ya dukani, maji yanayochemka nyuzi 100, wakati sisi tuko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari na sufuria letu linachemka kwenye 97 na kitu. Kama mtoto ataambiwa themometa yake ya 97 imekosea, tumerudi kwenye kijiti kibovu.

Kurudia

Tarehe 24 Agosti niliwarudishia madaftari bila alama. Nikawaambia karatasi ilikosea mahali na mimi nilikosea kutoijaribu, na kwamba kundi la sita ndilo lililopima jua la Ujiji. Binti aliinamisha kichwa akaendelea kunoa penseli yake. Kisha nikauliza kitu kimoja tu: jua linapinduka saa ngapi hapa? Nikakaa.

Walianza kwa kupima urefu kuanzia saa sita hadi saa nane, na wakagonga ukuta, kwa sababu karibu na adhuhuri kivuli kinabadilika pole pole mno; kwa dakika kumi na zaidi namba ni ileile na huwezi kujua katikati ni ipi. Mwalimu mwenzangu akawaonyesha njia ya duara. Unachora duara kuzunguka kijiti kwa uzi. Kabla ya adhuhuri ncha ya kivuli inaingia ndani ya duara, unaweka kokoto na kuandika saa. Baada ya adhuhuri ncha inatoka, unaweka kokoto ya pili na kuandika saa. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo jua lilipopinduka, na mstari unaogawa sawasawa nafasi ya kokoto mbili ni mstari wa kaskazini na kusini. Wanajimu wa Kiislamu wa zamani waliitumia njia hii kutafuta kibla na waliiita duara la Kihindi, jambo lililomfurahisha sana mzee wetu, akatoka barazani akaja kuchuchumaa kando ya kokoto. Makundi yalipata kati ya saa 7:02 na saa 7:06. Hakuna aliyebadilisha namba yake ifanane na ya jirani. Waliandika sita tofauti na wakatafuta wastani.

Ndipo likaja wazo la Tabora. Nina rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu, sasa anafundisha huko. Tabora iko karibu latitudo moja na Ujiji, nyuzi 5 kusini, lakini longitudo yake ni 32.8. Tarehe 5 Oktoba jua lingepita utosini kwenye miji yote miwili. Eratosthenes, yapata mwaka 240 kabla ya Kristo, aliupima mzunguko wa dunia kwa kivuli cha Aleksandria na siku isiyo na kivuli kule Syene, inayoitwa sasa Aswan. Yeye alikuwa na miji miwili, mmoja kaskazini ya mwingine. Sisi tulikuwa na miji miwili, mmoja magharibi ya mwingine, na simu zenye saa sahihi, kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Ilikuwa Jumamosi. Msimu wa mvua unaanza wakati huo na saa sita mawingu yalikuwa yametanda juu ya ziwa. Watoto walikuwa wamesimamisha vijiti, chupa ya maji, na kipande cha bomba la plastiki la fundi bomba, kimesimama wima juu ya karatasi nyeupe. Yalipopita mawingu, kivuli cha kijiti kilikuwa kimebaki kama kidole upande wa magharibi. Kikaendelea kuingia kwenye mguu wa kijiti. Kwenye bomba, tuliona kwanza mwezi mwembamba wa nuru ukutani ndani, ukateremka, ukanenepa, na saa 6:50 karatasi ikawa na duara kamili la mwanga, jeupe hata linaumiza macho. Mtoto wa darasa la tano alisimama wima akatafuta kivuli chake, akakikuta chini ya miguu yake, akaanza kurukaruka ili akione.

Simu ya Tabora iliingia baadaye kidogo. Wao walipata saa 6:37.

Dakika 13. Tulikaa chini ya mwembe na ubao. Jua limetumia dakika 13 kutoka Tabora hadi Ujiji. Siku nzima ni dakika 1,440. Basi ukichukua umbali wa Tabora hadi hapa mara 1,440 ukagawa kwa 13, unapata mzunguko wa dunia. Umbali ni upi? Watoto wa hapa wanaijua Tabora kwa reli, wakasema kilomita 410 hivi. Wakapata 45,415. Nikawa kimya. Binti wa kundi la sita ndiye aliyesema kwamba jua halipandi treni. Wakachukua ramani na rula, wakapima mstari ulionyooka, wakapata kilomita 350. Jibu likawa 38,769.

Mzunguko halisi kwenye latitudo yetu ni kama kilomita 39,900. Walikosea kwa kilomita elfu moja na ushei, chini ya asilimia tatu, kwa vijiti, kokoto na simu mbili. Kijana yule wa darasa la saba, aliyedhani kijiti ni kibovu, aliuliza kama wangepata dakika 12 na nusu ingekuwaje. Akapiga hesabu mwenyewe: 40,320. Akakaa akiitazama ile namba. Nusu dakika inabeba zaidi ya kilomita 1,500. Ndiyo maana alitaka mara nyingine tuwe na vijiti virefu zaidi.

Kilichobadilika kwenye kazi yetu

Sasa hakuna zoezi linalofika kwa watoto kabla mmoja wetu hajalifanya nyumbani, mpaka mwisho, kwa vifaa vya hapa. Ukipiga hesabu, hapo ndipo gharama ya nyenzo za bure ilipo. Karatasi za Agosti zilinigharimu shilingi 9,600, bando chini ya hapo. Lakini kulijaribu zoezi moja ni jioni mbili, na kuliandika kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la tano anakielewa ni jioni ya tatu. Mwenye kutaka kuanzisha kikundi apange jioni hizo kabla hajapanga kingine chochote. Mazoezi matano yaliyojaribiwa yanatosha muhula mzima. Mimi nilikuwa na zaidi ya mia mbili kwenye kompyuta, nikijivunia wingi.

Karatasi ya kivuli tumeiandika upya, na Tabora wanaitumia. Juu kabisa ina mistari ya kujaza mahali, longitudo na tarehe. Sehemu ya "utaona nini" tumeifuta. Badala yake kuna "ulitarajia nini" na "ulipata nini", na nafasi ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025 jua lilikuwa linarudi utosini. Nikawauliza watoto kivuli kitapotea saa ngapi. Karibu wote walisema saa 6:50, kama Oktoba; mahali ni palepale. Yule binti, sasa kidato cha pili, aliandika saa 7:12. Alikuwa amepita msikitini asubuhi kusoma ratiba ya swala iliyobandikwa mlangoni. Mvua ilinyesha alfajiri, jua likatoka kwa vipande. Saa 6:50 kivuli kilikuwa bado karibu sentimita kumi.

"Mwalimu, jua limechelewa," alisema yule aliyekuwa akirukaruka.

Tangu siku hiyo ukuta wa shangazi una karatasi ya mraba yenye kitone kimoja kwa kila Jumamosi yenye jua. Machi kitone kilikuwa 7:12, mwanzoni mwa Aprili 7:04, katikati ya Mei 6:58. Kijana wa vijiti virefu amechukua rula na kuvuta mstari unaoshuka moja kwa moja hadi 6:50 ya Oktoba. Binti hakubali, anasema vitone vya mwisho vimeanza kukaribiana na mstari utapinda. Wameniuliza nani yuko sahihi. Nimewapa kokoto za Jumamosi ijayo.